Nani Alipandisha Gari Mlimani? Uhakiki wa Nafsi ya Mwanzilishi katika Simulizi ya Luigi Barzini ya Safari ya Gari kutoka Peking hadi Paris (1907)

Utangulizi

Asubuhi ya tarehe 10 Juni 1907 magari matano yaliondoka katika eneo la ubalozi wa Ufaransa mjini Peking yakielekea Paris. Ndani yake walikuwamo watu 11. Tarehe 10 Agosti mwaka huohuo, Itala ya Scipione Borghese, mwinyi wa ukoo wa zamani wa Kiitalia, iliingia Paris peke yake. Spyker moja na De Dion-Bouton mbili zilifuata mwishoni mwa mwezi, na cha tano, kigari cha magurudumu matatu kilichoundwa na Contal, kiliachwa katika jangwa la Gobi. Katika Itala walisafiri watu watatu: Borghese mwenyewe, fundi wake Ettore Guizzardi, na Luigi Barzini, mwandishi wa gazeti la Corriere della Sera. Ni Barzini aliyeandika kitabu kilichoifanya safari hiyo ikumbukwe. Kitabu hicho kilichapishwa Milano mwaka 1908 na kutafsiriwa mara moja katika lugha nyingine kadhaa.

Kitabu hiki kimezoeleka kusomwa kama utenzi wa mtu na mashine. Wasomaji na watangazaji wa magari wamekitumia kuthibitisha kwamba karne ya 20 ilifunguliwa na watu wenye moyo wa uanzilishi, ambao kwa nia yao tu waliipatia dunia njia mpya. Usomaji huo unafuata mantiki ya methali isemayo kwamba penye nia pana njia. Makala haya yanadai kwamba matini yenyewe haikubaliani na usomaji huo. Barzini aliandika kitabu kilicho bora kuliko sifa kilichopewa: kila gari linapokwama, simulizi yake hulazimika kuonyesha watu ambao nafsi ya mwanzilishi ingependa kuwaficha, na hapo ndipo kitabu kinapopata uhai. Dosari yake ni kwamba watu hao huonekana bila kupewa nafasi ya kusema. Ili kuipima dosari hiyo, makala yanatumia kipimo kilichomo ndani ya fasihi ya Kiswahili: simulizi ya Selim bin Abakari kuhusu safari yake ya Urusi na Siberia, iliyofanyika mwaka 1896 na kuchapishwa mwaka 1901.

Kwa upande wa nadharia, uhakiki unaanzia kwenye tofauti aliyoiweka Gérard Genette kati ya anayeona na anayesema katika usimulizi. Tofauti hiyo inafaa, lakini kwa matini ya safari ya gari haitoshi. Inahitajika nafsi ya tatu: anayesukuma. Hapa sarufi ya Kiswahili inasaidia zaidi ya nadharia iliyoazimwa. Viambishi vya unyambulishaji humlazimisha msimulizi kuchagua. Gari lilipanda mlima, au lilipandishwa? Lilivuka mto, au lilivushwa? Mswahili anayesimulia upya kitabu cha Barzini hawezi kuikwepa silabi hiyo moja. Na katika kurasa nyingi za kitabu jibu sahihi ni lilipandishwa, lilivushwa, lilikokotwa, lilinasuliwa.

Swali la gazeti

Safari ilianza kwa swali. Tarehe 31 Januari 1907 gazeti la Le Matin la Paris liliuliza kama yupo mtu atakayekubali kwenda kutoka Peking hadi Paris kwa gari katika majira ya joto ya mwaka ule. Swali lilitajwa kuwa ni la kuipima mashine, lakini liliundwa kwa namna ya kumtafuta mtu: liliuliza nani, halikuuliza vipi. Hilo lilikuwa na athari za kifani. Waandishi waliosafiri na magari walipewa kazi ya kulijibu swali la gazeti, na jibu la swali la "nani" huwa ni jina. Jean du Taillis, aliyesafiri katika Spyker iliyoendeshwa na Charles Godard, alijibu kwa kitabu ambacho jina lake linaikumbusha riwaya ya Jules Verne ya kuizunguka dunia kwa siku 80. Barzini alijibu kwa kumtaja Borghese.

Ikumbukwe pia kwamba moyo wa uanzilishi ulikuwa na wadhamini. Miongoni mwa wa kwanza kuitikia mwito alikuwa Marquis de Dion, mwenye kiwanda. Itala ilikuwa kampuni changa ya Torino iliyohitaji jina, na matairi ya gari la Borghese yalikuwa ya Pirelli. Barzini hafichi mambo haya, ila hayafuatilii. Yeye mwenyewe alikuwa sehemu ya biashara hiyo: ripoti zake zilichapishwa pia na Daily Telegraph la London, na kazi yake ilimtaka atume habari kila alipofikia kituo cha simu. Sharti hilo linaeleza mengi kuhusu umbo la kitabu. Siku ambayo gari limekwenda vizuri haina habari. Siku ambayo limezama katika kinamasi ina ukurasa mzima. Kwa hiyo ajali ndiyo injini ya usimulizi, na palipo na ajali pana watu wa kuokoa.

Kutoka Peking hadi Kalgan

Sehemu ya kwanza ya safari ndiyo inayostahili kusomwa kwa makini kuliko zote, kwa sababu ndani yake gari karibu haliendeshwi. Kati ya Peking na Kalgan ipo milima ambayo njia zake zilichongwa na kwato za nyumbu na magurudumu ya mikokoteni kwa karne nyingi. Kabla ya mashindano, Borghese aliikagua njia hiyo akiwa juu ya farasi, akiwa na ufito wa mwanzi uliokatwa kwa upana sawa na upana wa gari lake. Pale ufito ulipopita, gari lingepita. Pale uliponasa, mwamba ungepaswa kuchongwa au gari kunyanyuliwa.

Ufito huo ni ishara nzito kuliko zote kitabuni, ingawa Barzini anautaja kama mfano wa busara ya kiongozi tu. Busara ilikuwepo, hakuna shaka. Lakini ufito unasema jambo jingine: kwamba mwanzilishi aliingia katika njia ya watu wengine akaipima kwa kipimo chake. Njia haikuwa tupu. Ilikuwa barabara ya biashara, na waliokuwa wakiitumia ndio walioajiriwa kulibeba gari. Itala ilivuliwa bodi ili ipunguzwe uzito, kisha ikafungwa kamba na kukokotwa mlimani na makuli pamoja na nyumbu. Kwenye mteremko kazi ilikuwa ngumu zaidi kuliko kwenye mwinuko, kwani gari lenye uzito wa karibu tani mbili lilipaswa kuzuiwa lisiwaangukie waliokuwa mbele yake.

Barzini anaieleza kazi hii kwa jicho kali la mwanahabari. Anaona misuli, jasho, kamba na mawe. Kasoro ipo kwenye hesabu ya nafsi. Makuli hubaki kundi, na kundi hilo huitwa kwa jina la kazi yake. Neno "kuli" halihitaji maelezo kwa msomaji wa Kiswahili; amelizoea bandarini, na anaijua riwaya ya Adam Shafi iitwayo Kuli (1979), ambamo mchukuzi wa bandari ya Zanzibar anaitwa Rashidi na anageuka kutoka mgongo wa kubebea mizigo kuwa mtu mwenye madai. Ulinganisho huu haukusudiwi kumlaumu Barzini kwa kutoandika riwaya ya wafanyakazi. Unaonyesha tu kwamba kundi lisilo na jina halikuwa hali ya kimaumbile. Ni uamuzi wa usimulizi, na kila uamuzi wa usimulizi unaweza kuhojiwa.

Uamuzi huo unaonekana wazi zaidi kwa sababu ya maneno ya Borghese mwenyewe. Katika utangulizi alioukiandikia kitabu, Borghese anakiri kwamba safari ilithibitisha jambo moja lililo kinyume na matarajio ya wengi: kwa vyombo vya wakati ule, haikuwezekana mtu kutoka Peking kufika Paris kwa nguvu ya gari peke yake, akiwa ameketi kitini kwa starehe. Kukiri huku ni kwa kishujaa kuliko matendo mengi yanayosifiwa kitabuni. Mshindi wa mashindano anatamka mlangoni mwa kitabu cha ushindi wake kwamba jibu la swali la Le Matin, kama lingeulizwa kwa ukali, lilikuwa hapana. Wahakiki waliokisoma kitabu kama utenzi wa mashine inaelekea waliruka utangulizi.

Jangwa lenye watu

Baada ya Kalgan gari lilipata uwanda, na hapo simulizi inabadilika mwendo. Jangwa la Gobi linasawiriwa kama mahali pasipo kitu, ambapo mashine hatimaye inaonyesha uwezo wake. Usawiri huo unakanushwa na vitu viwili vilivyomo katika kurasa zilezile. Cha kwanza ni petroli. Mafuta yalikuwa yametangulizwa kwa ngamia na kuwekwa vituoni, maana yake kila maili iliyokimbiwa na gari ilikuwa imekwisha kutembewa na mnyama aliyebeba chakula cha gari. Cha pili ni waya wa simu. Njia ya magari iliufuata waya huo. Nguzo zake ndizo zilizomwongoza dereva mahali ambapo ardhi haikuonyesha dalili.

Katika kituo cha Pong-kiong, kijumba kimoja katikati ya jangwa, Barzini aliomba kutuma ripoti yake, na karani Mchina akaiandika kuwa telegramu namba moja. Ilibainika kwamba kituo kilikuwa na umri wa miaka sita na hakuna mtu aliyewahi kutuma ujumbe kutoka hapo. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kichekesho, na kwa hakika kinachekesha. Hata hivyo ndani yake umo ukweli wa kitabu kizima. Namba moja ya Barzini ilitanguliwa na miaka sita ya mtu aliyekaa kando ya waya, akaulinda usikatike, akapitisha ujumbe wa wengine kutoka upande mmoja wa bara hadi mwingine. Nani basi aliyetangulia? Barzini alikuwa karibu sana kuliuliza swali hili. Alikiona kijumba, akamwona karani, akaiona namba, kisha gari likaondoka.

Upande wa pili wa jangwa hili ni mkasa wa Auguste Pons na mwenzake Foucault katika kigari cha Contal. Mafuta yaliwaishia, wenzao wakawa wametangulia, nao wakaanza kutembea kwa miguu chini ya jua mpaka wakakaribia kufa. Waliokolewa na wafugaji wa kuhamahama waliowakuta. Kama Gobi ingekuwa tupu kama inavyosawiriwa, Pons asingerudi Ufaransa. Ipo na doa la kimaadili hapa ambalo mashindano yote hayakulifuta: magari yaliyokuwa na mafuta yaliendelea na safari. Udugu wa waanzilishi, unaosifiwa sana katika maandishi kuhusu magari ya mwanzo, ulikuwa na mipaka iliyopimwa kwa tangi.

Fundi aliye chini ya gari

Ettore Guizzardi ndiye mfanyakazi pekee anayepata sura kamili kitabuni, na Barzini anampenda waziwazi. Anatusimulia asili yake: baba yake alikuwa dereva wa treni aliyefariki katika ajali ya reli karibu na makazi ya Borghese, kijana huyo akapokewa katika nyumba hiyo, akakulia katika utumishi wake na kufunzwa ufundi. Anatuonyesha pia tabia yake inayokaa akilini kuliko nyingine zote. Wenzake wanapopumzika, Ettore hulala chali chini ya gari, akiitazama mashine kimya, skrubu moja baada ya nyingine.

Msomaji wa Afrika Mashariki anamtambua mara moja. Kila lori la masafa marefu lina mtu wa namna hii. Tanzania huitwa utingo, Kenya taniboi, na hekima yake kuhusu gari mara nyingi humzidi dereva. Lakini utingo, kama alivyo katika maisha, ana ulimi. Husimulia. Ettore wa Barzini ni mtu wa kimya, na kimya hicho husifiwa kama sehemu ya ubora wake. Hapa sifa inafanya kazi ya kufunika. Kumsifu mtu kwa kunyamaza ni njia ya adabu ya kumweka nje ya usimulizi. Borghese ameandika utangulizi, Barzini ameandika kitabu, na yule aliyeijua Itala kwa ngozi ya vidole vyake yupo kitabuni kama mgongo unaoonekana chini ya chesisi.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumweka Ettore katika fungu moja na makuli wa Kalgan. Ettore alifika Paris. Jina lake lilichapishwa. Tofauti kati ya fundi mwenye jina na kuli asiye na jina si ya kazi, kwa kuwa wote wawili walilifikisha gari. Ni ya nani aliyekuwa akirudi nyumbani pamoja na mwandishi.

Daraja, tope na gurudumu

Matukio matatu ya baada ya hapo yanaonyesha uwezo wa Barzini katika kilele chake. La kwanza ni kuzama katika kinamasi baada ya kupita Urga, ambako gari lilinasuliwa kwa msaada wa Wamongolia na ng'ombe wao. La pili lilitokea kando ya Ziwa Baikal. Barabara ya zamani ya Siberia ilikuwa imeachwa ichakae tangu reli ijengwe, na Borghese alikuwa amepata kibali cha kupitisha gari juu ya njia ya reli yenyewe, magurudumu yakirukaruka juu ya mataruma. Katika eneo la ziwa hilo daraja moja bovu la mbao lilivunjika chini ya Itala. Gari lilitumbukia kwa nyuma, likasimama wima, pua ikitazama mbinguni. Barzini, ambaye kiti chake kilikuwa nyuma kati ya matangi, alikuwa mahali pabaya kuliko wote. Wafanyakazi wa reli walikuja na kamba na magogo wakalipandisha. Injini iliwaka tena.

Picha ya gari hilo lililosimama wima imekuwa maarufu kuliko picha ya kuingia Paris, na ipo sababu ya kifasihi. Ni mahali pekee ambapo mashine na wale wanaoinyanyua wamo katika fremu moja na hakuna anayeweza kujifanya kuwa gari linajiendea. Maelezo ya Barzini hapa ni mafupi na ya kweli, hakuna mbwembwe. Aliyeandika anaelekea kujua kwamba alinusurika.

La tatu ni la gurudumu. Karibu na Perm, gurudumu la nyuma la mbao lililokuwa limelegea kwa muda mrefu lilivunjika kabisa. Kiwanda cha Torino kilikuwa mbali kwa maelfu ya kilomita. Seremala wa kijijini, fundi wa mikokoteni ya theluji na ya farasi, alitengeneza gurudumu jipya kwa shoka, na gurudumu hilo likavaa ringi ya gari la kisasa. Katika sehemu hii pekee mtu wa njiani anatazamwa kama fundi wa hadhi sawa na Ettore. Barzini anasimama, anatazama shoka linavyokata bila kipimo cha chuma, anastaajabu. Kama kitabu kizima kingeandikwa kwa mtazamo wa kurasa hizo za Perm, kingekuwa kazi nyingine kabisa.

Kinyume chake, sehemu ya Ulaya ni nyembamba. Borghese alikuwa mbele kiasi kwamba aliacha njia fupi akazunguka kutoka Moscow hadi St Petersburg ili ahudhurie karamu. Barabara zilikuwa nzuri, gari lilikwenda lenyewe, na nathari nayo ikawa inakwenda yenyewe: karamu, maua, hotuba, na polisi wa Ubelgiji aliyewasimamisha kwa mwendo kasi na kukataa kuamini kwamba walikuwa wametoka Peking. Hakuna anayesukuma, basi hakuna cha kusimulia. Ushahidi huu wa kifani una uzito kuliko tamko lolote la kiitikadi.

Simulizi ya aliyetumikia

Je, mtu aliyekuwa katika nafasi ya Ettore angeweza kuandika? Fasihi ya Kiswahili ina jibu, na jibu hilo lilikuwa limekwisha kuchapwa kabla ya Le Matin kuuliza swali lake. Katika mkusanyiko wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli, uliochapishwa Göttingen mwaka 1901, imo simulizi ya Selim bin Abakari, aliyemfuata Theodor Bumiller, Mjerumani aliyekuwa amemtumikia hapo awali Afrika Mashariki, katika safari ya kupita Urusi hadi Siberia mwaka 1896. Miaka 11 kabla ya Itala, Mswahili alikuwa amepita sehemu ya bara hilohilo bila gari, akaiandika kwa lugha yake.

Selim hakuwa kiongozi wa safari. Hakuamua waende wapi wala warudi lini. Lakini katika simulizi yake yeye ndiye "mimi", na hilo linabadilisha mizani yote. Macho ya mtumishi huangalia mambo ambayo macho ya bwana hayana haja nayo: chakula kinapatikanaje, watu wanalala wapi, wanavaa nini dhidi ya baridi, nani ni Mwislamu mwenzake katika nchi ya mbali. Watu wa njiani wanaomwona mweusi wakashangaa, naye anawaona wakishangaa. Kutazamana huko kunakwenda pande mbili. Katika kitabu cha Barzini mwanakijiji hulikodolea macho gari, na mwandishi huandika kukodoa huko kama kipimo cha ukubwa wa gari. Kwa Selim anayetazamwa hana mashine ya kujifichia.

Tahadhari inahitajika. Velten alikuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, na matini alizozikusanya zilikusudiwa kuwasaidia Wajerumani waliojifunza lugha ya koloni lao. Selim aliandika akijua nani atamsoma, na ukimya wake kuhusu bwana wake hauwezi kuchukuliwa kama uradhi. Aidha, naye ana makundi yake yasiyo na majina: mahali pa kutumikia katika safari moja hakumfanyi mtu awe sauti ya watumishi wote. Hata hivyo ulinganisho unavunja dhana moja kwa uhakika. Ukimya wa anayesukuma hautokani na upungufu wake wa lugha. Unatokana na mpangilio wa nani aliombwa kuandika. Velten alimwomba Selim. Hakuna gazeti la Milano wala Paris lililomwomba Ettore, sembuse kuli wa Kalgan.

Zaidi ya hayo, simulizi za kundi hilo la Velten zinarithi msamiati wa msafara wa nchi kavu, ambamo kila kazi ina jina na heshima yake: kirangozi anayetangulia, mnyapara anayesimamia, mpagazi anayebeba. Katika lugha hiyo anayetangulia kwa miguu ni mwajiriwa, na mwenye mali huja nyuma. Maana ya "mwanzilishi" katika kitabu cha Barzini imegeuza mpangilio huo juu chini, na kwa msomaji aliyelelewa na Kiswahili mgeuko huo hauwezi kupita bila kuonekana.

Tarehe 10 Agosti 1907

Siku ileile Itala iliyoingia Paris, gari jingine liliondoka Dar es Salaam. Paul Graetz, luteni wa Kijerumani aliyekuwa ametumikia katika koloni la Afrika Mashariki, alianza safari ya kulivuka bara kwa gari lililoundwa Gaggenau, akapita Morogoro, Mpwapwa na Tabora, na kufika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Borghese alitumia miezi miwili; Graetz alitumia karibu miezi 21. Kitabu chake kilitoka mwaka 1910, na jina lake linatangaza kulivuka bara la Afrika kwa gari kana kwamba kitenzi cha kuvuka hakina kauli nyingine.

Mazingira ya safari hiyo hayakuwa ya mashindano ya gazeti. Mwaka 1907 Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimezimwa, na gari la luteni lililopita Mpwapwa lilipita katika nchi ambayo kazi ya barabara na ya ubebaji ilikuwa sehemu ya utawala. Mpwapwa na Tabora zilikuwa vituo vya njia ya misafara muda mrefu kabla ya petroli, na njia hiyo ilikuwa na wapagazi wanaojua kisima kiko wapi na mto unavukwa wapi. Kwa sababu hiyo kitabu cha Graetz kinapaswa kusomwa kwanza kwa kuorodhesha vitenzi: wapi gari lilivuka, wapi lilivushwa, na kila palipo na kauli ya kutendwa, nani aliyetenda. Kazi hiyo inaweza kuanza na ukurasa wa kutoka Dar es Salaam, kilomita chache tu baada ya barabara ya mji kuisha.